Walimu Wasio Mabingwa: Historia ya Mafunzo ya Tiba ya Utengemao Tanzania, Ikitazamwa kutoka Mtendeli

Kitenzi "kutengemaa" kina maana ya kukaa sawa, kutulia na kuwa katika hali inayofaa, na kwa kawaida husemwa juu ya biashara iliyoyumba ikasimama tena, au juu ya nyumba iliyotoka katika misukosuko. Katika sekta ya afya ya Tanzania kitenzi hicho kimezaa jina "utengemao", ambalo wengine huliandika "utengamao", likimaanisha tawi la tiba linaloanza kazi pale ambapo dawa na kisu cha mpasuaji vimekwisha kufanya vilivyoweza: kumrudishia aliyepooza, aliyekatwa mguu, au mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, uwezo wa kula, kuoga, kutembea, kulima na kuishi na wenzake. Jina hilo ni zuri kuliko majina mengi ya kitaalamu, kwa kuwa halimwahidi mgonjwa kwamba atapona. Linamwahidi kwamba maisha yake yatakaa sawa, na hilo ndilo daktari wa fani hii anaweza kulisimamia.

Katika nchi za Magharibi fani hii iliongozwa na madaktari, na kada nyingine zikakua kando yao, mara nyingi chini ya amri yao. Tanzania ilipita njia nyingine. Fundi wa viungo bandia, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na mikono, na mhudumu anayezunguka kijijini walitangulia kwa miongo kadhaa, na daktari bingwa wa utengemao anakuja nyuma yao akiwakuta kazini. Historia ya mafunzo ya kitabibu katika fani hii nchini kwa hiyo ni historia ya walimu ambao wenyewe hawakuwa mabingwa, na haiwezi kueleweka vizuri kwa kuitazama kutoka hospitali za rufaa peke yake. Inaeleweka zaidi ikitazamwa kutoka mahali kama Mtendeli, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, eneo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Kibondo hadi Wilaya ya Kakonko ilipomegwa humo mwaka 2012.

Huko ughaibuni fani hii ni mtoto wa vita. Vita Kuu ya Kwanza iliwarudisha makwao maelfu ya vijana waliopoteza viungo, na serikali zao, ambazo zilihitaji nguvu kazi na kura, zikalazimika kuwaandalia viungo bandia na wataalamu wa mazoezi. Katika miaka ya 1930 Frank Krusen alianzisha katika Mayo Clinic, Marekani, mpango wa miaka mitatu wa kuwafundisha madaktari ubingwa wa tiba ya viungo, na mwaka 1947 bodi ya kuwatahini mabingwa hao ikaanza kazi nchini humo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Howard Rusk alionyesha katika hospitali za jeshi la anga la Marekani kwamba askari anayefanyishwa mazoezi na kazi mapema hupona haraka kuliko anayeachwa kitandani. Huko Uingereza, tarehe 1 Februari 1944, Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, akasisitiza jambo ambalo linaonekana dogo mno kuitwa sayansi, nalo ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia. Kabla ya hapo wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa kwa vidonda hivyo na kwa maambukizo ya njia ya mkojo, na mpango wa zamu za kuwageuza ndio uliowaweka hai.

Vita hiyo ya kwanza ilipiganwa Afrika Mashariki pia, ikapita Buha yenyewe, yaani nchi ya Waha huko Kigoma, kwa kuwa majeshi ya Wabelgiji yaliteka Kigoma mwezi Julai 1916 na kuishikilia nchi ya Waha hadi 1921 ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Wapagazi wa upande wa Waingereza walioandikwa rasmi kuwa wamekufa walizidi 40,000, na waliobaki na miguu iliyooza kwa funza na vidonda, au migongo iliyoharibika kwa mizigo, hawakuandikwa popote. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, lakini hakuna wodi, karakana wala shule ya tiba iliyoanzishwa kwa ajili yao. Vita ile ile iliyozaa fani ya utengemao Ulaya haikuzaa kitu hapa, na sababu haikuwa uhaba wa majeruhi, bali ni kwamba majeruhi wenyewe hawakuwa na wa kuwasemea.

Utawala wa Waingereza haukubadili sana mambo. Katika miaka ya 1930 Waha wa Kibondo na Kasulu walihamishwa na kukusanywa katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, na baadaye, hasa baada ya ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, kuundwa mwaka 1944, Kigoma ikawa chemchemi ya manamba, yaani vibarua wa mkataba waliopelekwa katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Mashine ya korona, inayosaga jani la mkonge ili kutoa nyuzi, ilikuwa hatari kwa mikono. Sheria za fidia za wakati huo zilikipima kiungo kilichopotea kwa asilimia na kukilipa kwa shilingi, kisha zikamwacha mtu huyo arudi Buha kwa treni akiwa na fedha mfukoni na kigutu kisichofundishwa kazi. Kule nyumbani alikuta waganga wa kuunga mifupa, ambao walijua kufunga banzi za miti na kukanda kwa maji ya moto, na ambao wasomi wa tiba wamezoea kuwadharau bila kuuliza kwa nini wagonjwa huwaendea kwanza. Banzi ikikazwa mno kiungo hufa; lakini mkandaji alikuwa mtu pekee aliyemrudia mgonjwa siku baada ya siku hadi asimame.

Badiliko la kwanza la maana katika Afrika Mashariki lilitokea Kampala. Ronald Huckstep, daktari mpasuaji wa mifupa aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere katika miaka ya 1960, alikabili wingi wa watoto waliopooza kwa polio, wengi wao wakitambaa kwa mikono na magoti kwa sababu misuli ilikuwa imekakamaa ikiwa imekunjika. Vifaa vya kuagiza kutoka Ulaya vilikuwa ghali na havikufika, naye akabuni vyuma vya kuimarisha mguu vinavyoweza kupindwa na fundi wa kawaida kutoka nondo nyepesi, vikishikizwa kwenye viatu rahisi vya mbao vya jamii ya mitalawanda. Upasuaji wa kunyoosha magoti ulifuatwa na plasta, plasta ikafuatwa na vyuma, na vyuma vikafuatwa na mazoezi, kiasi kwamba mwanafunzi wa udaktari aliyepita katika kliniki hiyo aliona mfululizo mzima badala ya kipande cha chumba cha upasuaji. Makerere ilikuwa bado shule ya tiba ya ukanda wote, na wazo kwamba karakana ni sehemu ya kliniki lilisambaa pamoja na waliosoma huko.

Tanganyika ilikuwa imeanzisha shule yake ya tiba Dar es Salaam mwaka 1963, lakini kwa fani ya utengemao kitovu kikawa Moshi. Hospitali ya KCMC, iliyojengwa na makanisa kupitia taasisi ya Msamaria Mwema na kufunguliwa mwaka 1971, ilijikusanyia moja baada ya nyingine kada ambazo nchi haikuwa nazo. Mafunzo ya fiziotherapia yalianza huko katika miaka ya 1970. Mwaka 1981, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, kikaanzishwa kwa msaada wa Ujerumani chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi kinachojulikana kwa kifupi chake, TATCOT. Mwaka 1983 ikafuata shule ya tiba kazi, yaani fani inayotumia shughuli za kila siku, kama kuvaa, kupika au kushona, kuwa ndiyo tiba yenyewe. Wanafunzi wa TATCOT wametoka nchi nyingi za Afrika, na wapo mafundi wanaohudumia majeruhi wa vita katika nchi jirani ambao walijifunza kushika tupa na plasta chini ya Mlima Kilimanjaro.

Kazi inayofundishwa hapo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake umefichika mtaala mzima. Kigutu cha mgonjwa huvishwa soksi nyembamba iliyoloweshwa, kisha fundi hukipapasa na kuweka alama kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kila ncha ya mfupa: kilele cha goti, ukingo wa muundi, kichwa cha mfupa mdogo wa nje. Bandeji zenye plasta ya jasi huzungushwa, hukandwa kwa vidole hadi zikauke, zikavuliwa zikiwa ganda tupu lenye alama upande wa ndani, na ganda hilo likamiminiwa uji wa jasi ili kupata sanamu ya kigutu. Hapo ndipo ujuzi hujitenga na ufundi wa kawaida, kwani sanamu hiyo haiachwi ifanane na kigutu. Huparwa mahali ambapo mwili unaweza kubeba uzito na kuongezwa jasi mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Plastiki iliyopashwa moto hufunikwa juu yake na kuwa kikombe cha mguu bandia. Siku ya kujaribu, mgonjwa hutembea hatua chache kati ya fito mbili sambamba, kikombe kikavuliwa, na wote walio chumbani hutazama wekundu wa ngozi: ukififia baada ya dakika chache, vema, ukibaki, kikombe kinarudi karakana.

Daktari anayesomea ubingwa akisimama hapo hujifunza yale ambayo vitabu vya upasuaji humwambia kwa sentensi moja. Anaona kwamba mfupa uliokatwa bila kulainishwa ncha, au ngozi iliyoshonwa kwa kukazwa juu yake, humnyima mtu mguu bandia kwa maisha yake yote, na kwamba kosa hilo lilifanyika mezani kwa mpasuaji mwenyewe, mara nyingi usiku, katika hospitali ya wilaya, na mtu ambaye hajawahi kuona kikombe kikijaribiwa. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kumpeleka daktari karakana kabla ya kumpa cheti.

Moshi ilifundisha pia kwa njia ya uchunguzi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walianza kupooza miguu ghafla, na madaktari waliofuatilia, miongoni mwao William Howlett wa KCMC, walitambua konzo, ugonjwa uliokwisha kuelezwa Kongo katika miaka ya 1930 na ambao jina lake katika Kiyaka linamaanisha miguu iliyofungwa. Chanzo ni muhogo mchungu usiovundikwa wala kukaushwa vya kutosha, unaobaki na sumu ya sianidi, ukiliwa na watu waliokosa protini. Konzo haina dawa na haiendelei kuwa mbaya. Mgonjwa hubaki na ukakamavu wa miguu, akili ikiwa timamu, na kilichobaki kwa tabibu ni mazoezi, fimbo, wakati mwingine kurefusha kano ya kisigino. Kwa nyanda za Kigoma, ambako ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku, somo hilo si la mbali.

Mkondo wa pili wa mafunzo haukupita hospitalini kabisa. Baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani liliandaa mwongozo wa utengemao katika jamii, kazi ya Einar Helander, Padmani Mendis na Gunnel Nelson, uliogawa ujuzi wa fiziotherapia katika vijitabu vyenye michoro ili ndugu wa mgonjwa aweze kuwa mkufunzi. Nchi iliyokuwa imechagua, baada ya Azimio la Arusha, kuelekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini ililipokea wazo hilo bila taabu. Zanzibar, umoja wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa mwaka 1985 uliliendesha kwa mikono ya wenye ulemavu wenyewe. Dar es Salaam, shirika la CCBRT lililoanzishwa mwaka 1994 liliunganisha hospitali na ziara za majumbani. Katika matibabu ya mguu kifundo, yaani nyayo za mtoto zilizogeukia ndani tangu kuzaliwa, njia ya Ignacio Ponseti, ya kubadilisha plasta kila wiki na kisha kumvisha mtoto viatu vyenye upau hadi apate miaka minne hivi, ilionyesha Uganda na Tanzania kwamba tabibu asiye daktari akifundishwa vizuri hupata matokeo mema, na kwamba kinachoshinda au kushindwa ni mama kurudi kliniki.

Ndipo Mtendeli inapoingia. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata, Kibondo na Kasulu ziligeuka kuwa nchi ya kambi za wakimbizi: Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Mkugwa na Karago upande mmoja, Muyovosi na Mtabila upande wa pili, na Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtendeli ilikuja kufungwa Warundi waliporejea kwao, ikafunguliwa tena Januari 2016 baada ya machafuko ya 2015, ikaelemewa mapema kwa uhaba wa maji, na mwaka 2021 wakazi wake wakahamishiwa Nduta. Hospitali za Kibondo, Kabanga na Heri, zilizojengwa kwa ajili ya wakulima wa Buha, zilipokea majeraha ambayo kwa kawaida hukutwa karibu na uwanja wa vita: kano zilizokatwa kwa panga, mifupa iliyopigwa risasi ikaunga vibaya njiani, miguu iliyokanyaga mabomu ya ardhini karibu na mpaka. Shirika la HelpAge, linaloshughulikia wazee, lilikuwa miongoni mwa waliobeba mzigo wa wenye ulemavu makambini, kwani kiharusi na kuvunjika nyonga havikusubiri amani.

Kambi hufundisha kwa ukali kwa sababu hairuhusu mtu kujidanganya. Mtaala wa Ulaya au Marekani, ambako ubingwa huu huchukua miaka minne hivi, humzungusha daktari katika wodi za uti wa mgongo, ubongo, waliokatwa viungo na watoto, pamoja na vipimo vya umeme wa misuli, na katika kila wodi humfundisha kupima uwezo wa mgonjwa kwa mizani yenye maswali kama kupanda ngazi, kutumia choo cha kukaa na kuingia ndani ya beseni la kuogea. Katika nyanda za Kigoma hakuna ngazi. Kuna choo cha shimo ambacho lazima mtu achuchumae, kuna ndoo ya lita 20 inayobebwa kichwani kutoka bombani, kuna kuni zilizo mbali, na kuna matope mekundu ya masika ambayo hulimeza gurudumu dogo la mbele la kiti cha kawaida cha magurudumu. Viti vya magurudumu matatu, vyenye gurudumu moja lililotangulia mbali mbele, vilibuniwa kwa ajili ya ardhi ya namna hii, na mafundi wa viti hivyo wamefundishwa TATCOT. Daktari anayeandika "kiti cha magurudumu" kwenye cheti bila kutaja aina yake anamwandikia mgonjwa kifaa kitakachoegemezwa ukutani kufikia mvua za pili.

Vilevile mguu bandia unaofaa ofisini Moshi hauwezi kumfaa mwanamke wa Kasulu anayelima maharage akiwa peku na kuketi chini kwenye mkeka. India ilijibu swali hilo mwaka 1968 kwa mguu wa Jaipur, wenye nyayo za mpira zisizohitaji kiatu. Mwanafunzi wa ubingwa aliyekaa Kigoma angeliuliza swali hilo siku ya kwanza. Aliyesomea mjini pekee huenda asiliulize kamwe.

Swali linalobaki ni yuko wapi huyo mwanafunzi. Makala iliyochapishwa mwaka 2009 na Andrew Haig na wenzake katika jarida la kimataifa la tiba ya utengemao ilihesabu madaktari bingwa sita tu wa fani hii kusini mwa Sahara, wote wakiwa Afrika Kusini, kwa watu zaidi ya milioni 780. Hesabu hiyo inaweza kulalamikiwa kwamba inawasahau wapasuaji wa mifupa na wataalamu wa fiziotherapia waliokuwa wakifanya kazi hiyo bila cheo, na malalamiko hayo ni ya haki, lakini hayafuti ukweli kwamba hakukuwa na daktari wa kuwaunganisha. Tangu hapo mazingira yamebadilika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeingiza utengemao miongoni mwa mafao yake, jambo ambalo manamba wa Buha hawakulipata. Tanzania ikawa na mpango mkakati wa taifa wa huduma za utengemao wa 2021 hadi 2026. Na Mei 2023 Baraza la Afya Duniani likapitisha azimio la kuziingiza huduma hizo katika mifumo ya kawaida ya afya.

Njia ya kuwafundisha mabingwa pia ipo. Chuo cha wapasuaji cha kanda, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, na kile cha matabibu wa magonjwa ya ndani, ECSACOP, kilichofuata mwaka 2015, vimekwisha kuthibitisha kwamba daktari anaweza kusomea ubingwa akiwa kazini katika hospitali iliyokaguliwa, bila kuhamia chuo kikuu kwa miaka yote. Utengemao unafaa mpango wa namna hiyo kuliko fani nyingine yoyote, mradi hospitali zinazokaguliwa zisiwe zile tu zenye mashine. Uwe na mwaka mmoja Moshi, karakana ya TATCOT ikiwa darasa na fundi akiwa mtahini mwenye sauti sawa na profesa; miezi ya wodi katika hospitali za Muhimbili na Bugando; na miezi isiyopungua sita Kibondo, Kasulu au Kakonko, ambako daktari atamfuata mgonjwa hadi mlangoni, apime upana wa mlango huo, na arudi tena mvua zikinyesha. Mtaala utakaoacha hiyo miezi sita utakuwa mtaala wa Stoke Mandeville uliotafsiriwa kwa Kiswahili, na bingwa atakayetoka humo itabidi afundishwe upya na yule tabibu wa Nduta aliyemkuta kazini.